Kutengeneza Kadi za Salamu kwa Mikono: Mwongozo Kamili kwa Mkazi wa Nyanda za Juu Kusini

Hapa kwetu Mbeya, neno “kadi” likitajwa, wengi hufikiria kwanza kadi ya mchango wa harusi, ile inayofika ikiwa na jina la kamati na namba ya simu ya mweka hazina. Kadi inayozungumzwa katika mwongozo huu haidai chochote kwa anayeipokea. Ni karatasi ngumu iliyokunjwa mara moja, ikapambwa kwa mikono na kuandikwa maneno machache ya hongera, pole, asante au heri ya sikukuu, na mtu huiweka kabatini akaitazama tena baada ya miaka. Kadi ya kwanza ya Krismasi iliyochapishwa kwa ajili ya kuuzwa ilitoka London mwaka 1843, baada ya Henry Cole kumwagiza mchoraji John Callcott Horsley aichore; lakini kadi zilizotengenezwa kwa mkono, moja kwa mtu mmoja, ni za zamani kuliko hiyo, na ndizo ninazozipenda.

Nimezitengeneza nyumbani kwa miaka kadhaa, jioni baada ya kazi na mchana wa Jumapili, na jambo moja nimelithibitisha kwa kila kadi iliyoharibika mikononi mwangu: kadi hufaulu au hushindwa kabla pambo la kwanza halijabandikwa. Karatasi iliyochaguliwa vizuri, mkunjo ulionyooka na subira ya kuacha gundi ikauke huifanya hata kadi isiyo na pambo lolote iwe ya heshima. Kwa sababu hiyo nitakaa zaidi kwenye mambo hayo matatu, na mapambo yatafuata baadaye, ingawa najua wengi wana hamu ya kuanza nayo.

Vifaa

Vifaa vya kuanzia ni vichache, na vingi vimo nyumbani tayari. Unahitaji rula ya chuma ya sentimeta 30, penseli ya HB iliyochongwa vizuri, raba laini, mkasi mkali ambao hautatumika kwa kazi nyingine, kisu chembamba cha kukatia karatasi, kalamu iliyokwisha wino, kijiko cha chuma na brashi ndogo ya kupakia gundi. Rula ya plastiki haifai kuongozea kisu, kwa kuwa kisu huimega kidogo kidogo, na baada ya siku chache kila mstari unaoukata huwa na kikombo usichojua kimetoka wapi. Chini ya karatasi unayoikata weka kipande kinene cha boksi ambacho hakijapata mikunjo, na ukitupe mara kinapojaa makovu, kwa sababu ncha ya kisu hupenda kufuata kovu la zamani. Watu wengine hukatia juu ya kioo au kigae. Hukata vizuri mara ya kwanza, kisha makali huisha upesi na kisu butu huchana karatasi badala ya kuikata.

Mtoto akikaa nawe mezani, mpe mkasi wenye ncha butu na gundi ya ngano, na kisu kibaki mkononi mwako.

Karatasi na uelekeo wa nyuzi zake

Karatasi ya kawaida ya kutolea nakala ina uzito wa gramu 80 kwa meta moja ya mraba, nayo ni nyepesi mno kwa kadi, ingawa inafaa sana kwa karatasi ya ndani. Kadi inayosimama yenyewe mezani inahitaji karatasi ya gramu 200 hadi 250. Manila nyingi zinazouzwa katika steshenari za mjini hazina maandishi ya uzito, kwa hiyo zipime kwa mkono: shika kipande chenye ukubwa wa A4 kwa upande mmoja tu, kikiwa kimelala hewani, na kikining'inia kama jani la mgomba lililonyauka, kiache kitumike kwa kazi nyingine. Kikijishikilia na kuinama kidogo tu mwishoni, umepata.

Usiidharau karatasi ya kaki. Wilayani Mufindi, katika kiwanda cha Mgololo, hutengenezwa karatasi ngumu ya kahawia, na eneo hilohilo limezungukwa na misitu ya kupandwa ya misonobari kama ile ya Sao Hill. Nyuzi za msonobari ni ndefu, na urefu huo ndio unaoipa kaki uimara wake na kuifanya isichanike kwa urahisi. Kipande cha kaki kilichobandikwa juu ya manila nyeupe hutoa mandhari tulivu ambayo juu yake karibu kila rangi hupendeza. Ukitaka karatasi yenye mguso wa kipekee kabisa, mjini Iringa kuna kituo cha Neema Crafts, kilichoanzishwa mwaka 2003, ambacho huwapa kazi watu wenye ulemavu na kinajulikana kwa karatasi iliyotengenezwa kwa kinyesi cha tembo. Nyuzi za majani aliyokula mnyama huonekana ndani ya karatasi yenyewe, na kipande kidogo tu hutosha kuwa kiini cha kadi.

Sasa lije jambo ambalo wanaoanza hawaambiwi. Karatasi ya kiwandani ina uelekeo, kama ubao ulivyo na uelekeo wa nyuzi zake. Ukiikunja sambamba na nyuzi, mkunjo hulala sawasawa. Ukiikunja kwa kuzikata nyuzi, mgongo wa kadi hupasuka vipande vidogo vidogo, rangi ya manila hubanduka na kuacha mstari mweupe, na kadi hujifungua yenyewe kila unapoifunga. Kuujua uelekeo huo ni rahisi. Pinda karatasi polepole bila kuikunja, kwanza kwa upande mmoja kisha kwa upande mwingine, ukisikiliza nguvu inayorudi kwenye viganja vyako. Upande unaopindika kwa ulaini zaidi ndio wenye nyuzi zilizolala sambamba na mpindo. Ukibaki na shaka, kata kipande cha sentimeta 5 kwa 5, uweke alama ya penseli kuonyesha kilikotoka, kisha ulowanishe uso mmoja kwa kidole chenye maji. Kitajikunja kama mrija, na urefu wa mrija huo ndio uelekeo wa nyuzi, kwa kuwa nyuzi zikinywa maji hunenepa upande wa unene zaidi kuliko zinavyorefuka.

Kukata na kukunja

Kadi ninayokupendekezea kuanza nayo ina upana wa sentimeta 10.5 na kimo cha sentimeta 14.8 ikiwa imefungwa. Hutokana na A4, ambayo ina sentimeta 21 kwa 29.7, bila kupoteza hata kipande: unaikata A4 katikati ya upande wake mrefu, unapata vipande viwili vya sentimeta 21 kwa 14.8, na kila kipande ukikikunja katikati ya zile sentimeta 21 unapata kadi moja. Kwa mpangilio huo mstari wa mkunjo huwa sambamba na upande mrefu wa A4 ya awali, kwa hiyo nyuzi nazo ziwe zimelala kwa upande huo mrefu. Ukikata kutoka manila kubwa, geuza kipimo chako mpaka nyuzi ziende na zile sentimeta 14.8.

Unapokata, simamisha mwili wako sawa na mstari, bonyeza rula kwa vidole vilivyotandazwa mbali na ukingo, na pitisha kisu mara tatu au nne kwa nguvu ndogo. Anayetaka kuikata manila kwa mkato mmoja huisukuma rula bila kujua, na kisu kikiteleza hukata kidole.

Kabla ya kukunja ni lazima uchore mfuo, yaani mstari uliobonyea unaoiongoza karatasi mahali pa kujipinda. Weka alama mbili ndogo za penseli kwenye sentimeta 10.5, moja ukingo wa juu na nyingine ukingo wa chini, kwenye uso utakaokuwa nje ya kadi. Weka karatasi juu ya gazeti lililokunjwa mara mbili, lipate ulaini kidogo, uunganishe alama hizo kwa rula, kisha upitishe kalamu iliyokwisha wino mara mbili, ya pili kwa nguvu kuliko ya kwanza. Hakikisha kwanza kwenye karatasi chakavu kwamba wino umekwisha kweli, maana kalamu nyingi tunazozitupa bado zina tone moja lililojificha. Kunja sasa ukiuacha mfuo upande wa nje, ili uvimbe mdogo uliotokea upande wa pili uingie ndani ya mkunjo. Linganisha pembe kabla ya kugandamiza, funika mkunjo kwa kipande cha karatasi safi, na upitishe mgongo wa kijiko kutoka katikati kwenda juu, kisha kutoka katikati kwenda chini. Karatasi hiyo ya kufunika ina kazi yake: kijiko kikigusa manila moja kwa moja huacha mng'ao usiotoka.

Kingo za mbele na nyuma zikipishana hata milimeta moja, usizirekebishe kwa kuvuta. Funga kadi, weka rula, na ukate ukingo huo wa wazi kwa pamoja.

Ikiwa manila yako ni ya rangi iliyokoza, maandishi hayataonekana ndani, kwa hiyo tengeneza karatasi ya ndani kwa karatasi nyeupe ya kawaida. Ikate sentimeta 20.4 kwa 14.2, ikunje katikati, na uipake gundi mstari mwembamba wa milimeta 5 tu karibu na mgongo, upande wa nyuma. Ukiipaka gundi eneo lote, itavuta manila na kuipinda.

Karatasi nyeupe hiyo waweza pia kuipa rangi ya uzee kwa chai ya Mufindi au ya Rungwe. Chemsha vijiko viwili vya majani ya chai katika kikombe kimoja cha maji, uchuje, usubiri ipoe kabisa, upake kwa brashi pana, na karatasi ikikauka uipige pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa. Rangi hutoka tofauti kila mara, na mimi huona ni sifa.

Mgomba, pambo la kwetu

Katika mapambo yote niliyojaribu, hakuna linalonipa furaha kama maganda makavu ya shina la mgomba. Yana rangi zake yenyewe, kuanzia maziwa, asali, kahawia hadi karibu na nyeusi, bila kuhitaji rangi ya dukani hata tone. Anayeishi Tukuyu au Busokelo atayapata nyuma ya nyumba. Sisi wa mjini Mbeya huomba ndugu watutumie gunia dogo, au husimama njiani na kumwomba mwenye shamba, ambaye mara nyingi hushangaa kwamba kuna mtu anayeyahitaji.

Chukua maganda yaliyokaukia shinani yenyewe, yaliyo juu kidogo ya udongo, kwa sababu yaliyoanguka chini huwa yamekwisha kupata ukungu na wadudu. Miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, ndiyo bora. Yafute kwa kitambaa chenye unyevu, yachane kwa urefu katika tabaka nyembamba ukianzia pembeni kwa ukucha, uyatandaze kivulini siku mbili, kisha uyapige pasi ya joto la wastani yakiwa yamefunikwa kitambaa cha pamba. Joto hilo hunyoosha, na pia huwamaliza wadudu wadogo ambao wangekuja kuitoboa kadi miezi mitatu baadaye.

Usibandike ganda moja kwa moja kwenye kadi. Libandike kwanza juu ya karatasi nyeupe nyepesi kwa gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji kidogo, likandamize mpaka likauke, na hapo utakuwa na kitu kinachokatika kama karatasi bila kupasuka kwa urefu. Chora umbo unalolitaka nyuma, kwenye karatasi nyeupe, ukikumbuka kwamba litatoka limegeuzwa, kisha ukate kwa mkasi. Mama aliyebeba kikapu, ng'ombe, nyumba yenye mlango mmoja, mlima nyuma ya migomba: maumbo ya namna hii hayahitaji ustadi wa uchoraji, kwa kuwa jicho la mtazamaji hukamilisha lenyewe. Tumia rangi tatu, zisizidi nne, na utumie mistari ya asili ya ganda kama sehemu ya picha. Ganda lililolazwa kwa mlalo huonekana kama matuta ya viazi kwenye miteremko ya Isongole. Lililosimamishwa huwa mashina ya miti. Mara utakapoiona mistari hiyo hutataka tena kuchora kwa kalamu.

Vitenge vya fundi cherehani

Kila fundi cherehani ana mfuko wa mabaki chini ya meza, na ukimwomba kwa adabu siku isiyo na haraka atakuruhusu uchague. Tafuta vipande vyenye michoro midogo, kwa sababu ua kubwa la kitenge likikatwa vipande hupoteza maana yake. Shida ya kitambaa ni nyuzi zinazochomoka pembeni, na dawa yake ni kukifanya kiwe karatasi: kipige pasi, paka gundi ya ngano kwenye karatasi nyepesi, kitandaze juu yake ukisukuma hewa kutoka katikati kwenda nje, uweke uzito, na ukate kesho yake. Kwa kadi ya harusi au ya kumpongeza mzazi, kipande cha kitenge alichovaa mwenyewe siku hiyo, kilichokatwa umbo la gauni dogo, humgusa kuliko utepe wowote.

Maua na majani yaliyokaushwa kwa kukandamizwa

Baridi yetu na bustani zetu hutupa maua mengi, lakini si kila ua hukubali kukandamizwa. Yanayofaa ni yale membamba yasiyo na maji mengi: bogenvilia, ambayo ni kama karatasi tangu ikiwa mtini, kosmosi, kangaga wachanga, na majani ya karoti, ambayo hununuliwa sokoni pamoja na karoti zake na kutupwa, ilhali yakikaushwa hutoa umbo jembamba la kupendeza kuliko majani mengi ya bustani. Waridi zima halifai. Litaoza katikati kabla ya kukauka, kwa hiyo kandamiza petali moja moja. Maua ya pareto, yenye petali nyeupe na kiini cha njano, yanafaa sana, na wakulima wa nyanda hizi wanayo mengi, ila kiini chake ni kinene: kikate kwa nyuma kwa kisu mpaka kiwe bapa, na unawe mikono baadaye kwa kuwa watu wengine huwashwa ngozi.

Chuma saa nne asubuhi, umande ukiwa umekwisha na jua halijawa kali. Panga maua bila kugusana kati ya karatasi mbili nyeupe zisizo na mng'ao, zifunike kwa magazeti juu na chini, uweke ubao na dumu la lita 5 lililojaa maji, ambalo lina uzito wa kilo 5. Badilisha magazeti kila baada ya siku mbili katika wiki ya kwanza, kwa sababu unyevu uliobaki ndio unaogeuza petali kuwa kahawia, kisha uyaache kwa wiki mbili nyingine bila kuyachungulia. Ua lililokwisha kukauka huwa gumu kidogo na halihisi baridi ukiligusa kwa mdomo. Libandike kwa nukta ndogo za gundi nyeupe zilizowekwa kwa njiti ya kiberiti, nukta moja katikati na nyingine kwenye ncha mbili au tatu, na usiipeleke kadi hiyo dirishani penye jua, maana rangi hufifia.

Hapa ni lazima niseme jambo kwa uzito. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005 na ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, hujaa maua wakati wa mvua, na anayeipenda kazi hii atatamani kurudi na mfuko. Kuchuma ndani ya hifadhi hakuruhusiwi. Hata nje ya mipaka yake, okidi za pori ziachwe kabisa, kwa kuwa zimekwisha kuchimbwa kupita kiasi kwa ajili ya chikanda, chakula kinachopendwa nchini Zambia. Piga picha, uchore kwa penseli, na ua libaki mahali pake.

Gundi na kukauka

Gundi nyeupe ya maji inatosha kwa karibu kila kazi iliyotajwa hapa. Gundi ya ngano ni rahisi na hukupa muda wa kusogeza kipande kabla hakijashika: koroga kijiko kikubwa kimoja cha unga wa ngano katika maji baridi vijiko vitano mpaka mabonge yaishe, weka juu ya moto mdogo ukiendelea kukoroga mpaka iwe nzito na kuanza kung'aa, kisha uipitishe kwenye chujio. Itumie ndani ya siku mbili. Mende huipenda, na wakati wa masika huota ukungu, kwa hiyo ipakwe nyembamba na itumike kwa vitambaa tu. Gundi kali ya matone ichukuliwe kwa shanga na vifungo, kwa kuwa hupenya karatasi na kuacha doa la manjano.

Kosa kubwa ni wingi wa gundi. Gundi ikitoka pembeni unapobonyeza, umeweka zaidi ya inavyotakiwa. Paka safu nyembamba kwenye kipande kidogo, kamwe si kwenye kadi, na ukianzia katikati. Maji ya gundi huivimbisha karatasi upande mmoja, na ndiyo maana kadi hupinda.

Desemba moja nilikuwa na kadi 12 za Krismasi zilizokuwa ziondoke asubuhi kwa basi, na mvua ilikuwa haijakatika tangu mchana. Nilizipanga kando ya jiko la mkaa ili zikauke upesi. Uso ulioelekea moto ulikauka na kujikunyata kabla ya uso mwingine, na alfajiri zote zilikuwa zimejikunja kama maganda ya machungwa. Tatu tu ndizo zilizonyooka tena. Tangu siku hiyo kadi zangu hukauka zikiwa zimelala, kati ya karatasi mbili safi, chini ya ubao na dumu la maji, saa 12 wakati wa kiangazi na saa 24 kuanzia Novemba hadi Aprili. Anayetengeneza kadi za sikukuu katika miezi hiyo ya mvua aanze wiki mbili mapema. Kadi yenye pambo lililoinuka, kama shanga, huwekwa kitambaa laini kilichokunjwa juu yake kabla ya ubao.

Maneno ya ndani

Andika kwanza kwenye karatasi chakavu, uhesabu mistari, kisha uchore mistari hafifu ya penseli yenye nafasi ya milimeta 8, na uifute kwa raba baada ya wino kukauka kabisa. Maneno yawe machache na yawe ya huyo anayeandikiwa. Kadi kwa wazazi hufunguliwa kwa “Shikamoo Baba, shikamoo Mama” kabla ya jambo lingine lolote. Rafiki wa Iringa atafurahi kukuta “Kamwene” juu ya ukurasa, na jirani Mnyakyusa aliyekusaidia wakati wa shida atalikumbuka “Ndaga fijo” kuliko asante yenye maneno kumi. Kadi ya pole iwe na rangi tulivu, kaki na nyeupe, jani moja la kangaga likitosha, na imtaje marehemu kwa jina lake na jambo moja jema unalolikumbuka kwake. Katika kadi ya Idi usiandike tarehe mapema, kwa kuwa siku yenyewe husubiri mwezi uandame. Nyuma, chini kabisa, weka jina lako, mwezi na mwaka kwa penseli, maana baada ya miaka wino wa kumbukumbu hufutika na penseli hubaki.

Bahasha na safari

Bahasha ya kadi hii hutengenezwa kwa A4 moja ya kaki au karatasi nyingine nyepesi. Kata mraba wa sentimeta 21 kwa 21. Ukanda wa sentimeta 8.7 utakaobaki uhifadhi kwa mapambo. Geuza mraba usimame kwa pembe yake, ulaze kadi katikati kwa mlalo, uweke alama nje ya kila ukingo wa kadi ukiacha milimeta 2, na uchore mfuo kwenye mistari hiyo minne. Mahali mifuo inapokutana pembeni kata kijipande chenye umbo la V, ili mikunjo isisongane. Kunja pembe ya kushoto na ya kulia ndani, hazitagusana, kisha ukunje ya chini juu yake na uibandike kwa mstari mwembamba wa gundi kwenye kingo zake mbili tu, usije ukaibandika kadi ndani. Pembe ya juu ni kifuniko.

Kadi yenye kitufe au shanga isiende peke yake. Mmoja wa jamaa zangu aliwahi kupokea bahasha iliyopasuka, kitufe kikiwa kimetoboa na kupotea njiani, na kosa lilikuwa katika ufungaji wangu. Sasa huweka kipande cha boksi cha sentimeta 10.5 kwa 14.8 mbele ya pambo. Andika jina kamili, S.L.P. na mji kwa herufi zilizosimama, anwani yako nyuma, na dirishani posta omba wapime uzito kabla ya kubandika stempu, kwa sababu boksi na shanga huongeza gramu. Kadi zilizobaki zilazwe kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vifuko vidogo vinavyonyonya unyevu vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu, na kopo liwekwe juu ya kabati, mbali na sakafu ya saruji.